Uchaguzi Wetu na Amani ya Majirani



Mwishoni mwa Januari 2001, mashua na majahazi yalianza kutia nanga Shimoni, kusini mwa mwambao wetu, yakiwa yamepakia watu badala ya samaki. Walikuwa Wapemba. Tarehe 26 na 27 ya mwezi huo wafuasi wa chama cha CUF walikuwa wameandamana Unguja na Pemba kuyapinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000, na askari wakawafyatulia risasi. Tume iliyoundwa baadaye na serikali ya Tanzania ilihesabu waliokufa kuwa 31. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yalitaja idadi kubwa zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka maji wakaingia Kenya. Kwa kila aliyevuka, kulikuwa na nyumba iliyobaki Wete au Micheweni ikingoja habari.

Hadi siku hizo Tanzania ilikuwa ikisifiwa kwa jambo moja, nalo ni kuwapokea wakimbizi wa wenzake: Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, na kabla yao Wamsumbiji waliopigania uhuru. Haikuwa imewahi kutoa wakimbizi wake yenyewe. Iliwatoa kwa sababu ya masanduku ya kura. Haikuwa vita ya kuvamiwa na adui, wala njaa, wala mafuriko.

Nao Wapemba hawakufika ugenini. Tangu enzi za mababu wamekuwa wakivua, wakioa na kuolewa katika pwani hii, kuanzia Vanga hadi Malindi na Kipini. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba ambaye lahaja yake bado yanukia karafuu. Kwa hiyo mwaka ule mpaka wa serikali mbili ulikuwa ukipita katikati ya familia moja, na uchaguzi wa ng'ambo ukawa ni jambo la sufuria yetu sisi wenyewe.

Twayakumbusha haya kwa kuwa Kenya yakaribia uchaguzi mkuu. Kwa mujibu wa Katiba, kura itapigwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, insha'Allah. Tayari twasikia ndimi zikinolewa. Aghalabu tusikiapo habari ya uchaguzi huwa twauliza: nani atakuwa gavana, nani mbunge, je, mtoto wa kwetu atapata cheo? Ni maswali halali. Lakini kuna swali ambalo haliulizwi katika mabaraza yetu, wala katika vikao vya akina mama: uchaguzi huu ukiharibika, ni nchi ngapi zitakazoumia pamoja nasi?

Mizani ya Mariakani

Kaunti yetu ya Kilifi haina fukwe za Watamu na misikiti ya kale tu. Inao pia mji wa Mariakani, penye mizani ya kupimia malori. Kila lori litokalo bandari ya Mombasa kuelekea bara hupita hapo, kisha likaendelea Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Malaba. Huo ndio mwanzo wa njia iitwayo Ushoroba wa Kaskazini. Shehena yake ni ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mama auzaye chai na mahamri kando ya barabara ile huwalisha madereva waendao Kampala, Kigali, Juba na Goma, na huenda asijue kwamba mkono wake umefika huko kote.

Turudi sasa Desemba 2007. Wakenya walipiga kura tarehe 27. Siku tatu zikapita katika kungoja, matokeo ya baadhi ya maeneo yakichelewa bila ya maelezo, watu wakikesha mbele ya televisheni. Tarehe 30, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akamtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Jioni ile ile Kibaki akaapishwa Ikulu, jua likizama. Siku chache baadaye mwenyekiti huyohuyo akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama kweli Kibaki alishinda. Na tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza baadaye, ikasema hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba hapana awezaye kujua nani alishinda. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.

Yaliyofuata twayajua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto tarehe 1 Januari 2008, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia humo wakidhani nyumba ya ibada itawahifadhi. Tume hiyo ya Waki ilitenga sura nzima kwa ajili ya unajisi waliotendewa wanawake, na wasomaji wetu wataturuhusu tusiingie katika maelezo yake. Twasema tu kwamba wengi wa waliotendewa hayo hawakuwa wamesimama jukwaani, hawakuwa wagombea, na pengine hata kura hawakupiga.

Huku Pwani hatukuona damu kama ile ya Bonde la Ufa. Alhamdulillahi. Lakini hoteli za Malindi na Watamu zilibaki tupu katika msimu wa kilele, Waitaliano wakafuta safari zao, na vijana waliokuwa wapishi, wahudumu na madereva wa teksi wakarudishwa majumbani. Ada za shule za Januari zikawa kitendawili.

Sasa tazameni ilivyokuwa kwa majirani. Bomba la mafuta kutoka Mombasa huishia Eldoret na Kisumu, na hapo ndipo malori ya Uganda yalipokuwa yakichukulia petroli. Miji hiyo miwili ilikuwa katikati ya moto. Barabara zikazibwa kwa mawe na magogo. Reli iendayo Uganda iking'olewa Kibera na vijana kwa mikono. Katika muda usiofika wiki mbili Kampala ikaanza kukosa mafuta, bei ikapanda maradufu na zaidi, Rwanda ikaanza kugawa petroli kwa kipimo, na Burundi ikahisi upungufu. Mwanamke wa Kigali aliyekuwa akingoja bodaboda impeleke zahanati hakuwahi kumsikia Kivuitu, lakini pikipiki ilisimama kwa sababu yake.

Zaidi ya petroli kulikuwa na chakula. Wakati ule watu wa kaskazini mwa Uganda waliofukuzwa na vita vya waasi wa LRA walikuwa wangali kambini, wakilishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Sudan Kusini ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ipate mkataba wa amani. Mashariki ya Kongo kulikuwa na kambi tele. Nafaka ya kambi hizo hupita Mombasa, na malori yake yalikwama njiani. Wenye njaa kwa sababu ya vita moja wakaongezewa njaa na uchaguzi wa nchi nyingine.

Nyumba ya mpatanishi

Hili lifuatalo ndilo hasa lililotusukuma kuandika, kwani twaona halijapewa uzito wake.

Kabla ya 2007 Kenya ilikuwa ndiyo baraza la usuluhishi la eneo hili zima. Mkataba uliosimamisha vita vya Sudan, vilivyodumu miaka zaidi ya ishirini, ulijadiliwa Machakos na Naivasha, chini ya usimamizi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Serikali ya mpito ya Somalia iliundwa Nairobi mwaka 2004. Na mazungumzo hayo ya Wasomali yalifunguliwa wapi? Eldoret, Oktoba 2002. Viongozi wa makundi yenye silaha waliitwa kutoka Mogadishu, Kismayu na Baidoa wakaambiwa: njooni Eldoret, ni mji wa utulivu, keti hapa msikilizane. Hapo ndipo walipotia saini ya kusimamisha mapigano.

Miaka mitano baadaye Eldoret ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Maelfu ya Wakenya wakavuka Busia na Malaba wakaingia Uganda kutafuta hifadhi, yaani waliokuwa wenyeji wa wakimbizi wakawa wakimbizi. Rais Museveni alikuwa miongoni mwa wachache wa kwanza waliompongeza Kibaki, na mara uvumi ukaenea magharibi mwa Kenya kwamba askari wa Uganda wameingia nchini. Serikali ya Uganda ikakanusha. Hapo shikeni pumzi kidogo, ndugu wasomaji. Lau uvumi ule ungelipata kijana mmoja mwenye bunduki upande huu na askari mmoja mwenye woga upande ule, je, tungelikuwa tukizungumza leo juu ya ghasia za uchaguzi, au juu ya vita vya mataifa mawili?

Ilibidi wapatanishi watoke nje. Kofi Annan alifika Januari 2008, pamoja naye Graça Machel na Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Siku arobaini na kitu za kubembeleza, kugomba na kubembeleza tena. Tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa saini, Rais Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika akishuhudia na kusaidia kuukamilisha.

Wenye kumbukumbu watatambua jambo hapo. Mkapa huyo ndiye aliyekuwa Rais wa Tanzania siku risasi zilipolia Pemba. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za maisha, kilichotoka mwaka 2019, alikiri kwamba vifo vile viliacha doa katika uongozi wake. Hatusemi hivi ili tumseme marehemu; amekwenda kwa Mola wake. Twasema kwa kuwa inaonyesha namna mambo haya yalivyofungamana: aliyeona nchi yake ikitoa wakimbizi kuja Kenya, alikuja Kenya kuwazuia Wakenya wasitoe wakimbizi zaidi kwenda kwa wengine. Pengine ujuzi ule mchungu ulimfaa katika chumba cha mazungumzo.

Vita navyo hurudi

Mtu anaweza kusema: basi majirani ndio waumiao, sisi tutavumilia. La. Mlango ufungukao kwa kutoka ndio ufungukao kwa kuingia. Sisi wa Kilifi twalijua hilo kuliko wengi. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wa Barawa, Mogadishu na Kismayu walikuja kwa majahazi. Kambi zilifunguliwa Utange, na Marafa, ndani kabisa ya Magarini. Watoto wetu waliketi mkeka mmoja chuoni na watoto wa Wabarawa, na mpaka leo kuna nyumba Malindi na Mombasa ambamo Kibarawa chasemwa jikoni na Kiswahili barazani. Hayo ni mazuri tuliyoyapata. Lakini vita hivyohivyo vikakomaa, Kenya ikapeleka askari Somalia Oktoba 2011, na mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 60 wakauawa Mpeketoni na vijiji jirani, Kaunti ya Lamu. Tangu hapo barabara ya Malindi kwenda Lamu imekuwa ya kusafiri kwa dua na kwa ulinzi wa askari, na wafanyabiashara wa Garsen na Witu wanajua gharama yake.

Na kabla ya yote hayo, tulikuwa na ya kwetu wenyewe. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi wa Desemba, vijana walioapishwa katika msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakatwaa bunduki, kisha wakaanza kuwaua na kuwachomea nyumba walioitwa wabara. Waliokufa walizidi 100, na takriban watu 100,000 walihama. Vijana wale waliahidiwa ardhi na kazi. Dhuluma ya ardhi ya Pwani ni ya kweli. Hakuna familia ya Kimijikenda wala ya Kiswahili isiyo na kisa chake cha shamba lililopotea katika karatasi. Ndiyo maana ahadi ile iliingia masikioni kwa urahisi. Ilikuwa ni dai la haki lililokodishwa kwa kazi ya haramu: kuwaondoa wapiga kura wasiotakiwa. Ardhi haikupatikana. Vijana walipata jela, ulemavu na makaburi, na hoteli zilipofungwa mama zao ndio waliorudi kuokota kuni.

Twaomba wasomaji walifikirie tukio la Likoni kila wanapoona kijana wa mtaani, ambaye jana hakuwa na nauli, leo ana simu mpya na fulana kumi za chama za kugawa.

Tofauti ya kura chache

Kuna hesabu moja twapenda kuwaonyesha, na tumeirudia mara nyingi kuihakikisha. Mwaka 2007 tofauti iliyotangazwa baina ya Kibaki na Raila ilikuwa kura 231,728. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila huyohuyo. Toeni. Ni 233,211. Tofauti ni karibu ileile, mshindwa ni yuleyule, na mara hii pia kulikuwa na mvutano mkali: makamishna wanne kati ya saba wa tume walitoka nje wakayakana matokeo siku ileile ya kutangazwa, tarehe 15 Agosti. Lakini mwaka 2022 malori ya Mariakani hayakusimama. Kampala haikukosa mafuta. Na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa akiondoka madarakani, aliendelea kuwa msuluhishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mgogoro wa Kongo, kwa ridhaa ya mshindi ambaye hakumuunga mkono.

Kwa nini? Wapo wasemao Wakenya wamekua, wamejifunza. Hatulikatai, ila twaona halitoshi. Mwaka 2007 hesabu za vituo zilipita mikononi mwa watu wachache, gizani. Mwaka 2022 fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa katika tovuti ya tume, na kijana yeyote mwenye simu pale Kisumu Ndogo ya Malindi aliweza kuifungua fomu ya kituo chake na kulinganisha na aliyoyaona ukutani. Mwaka 2007 Raila alikataa kwenda mahakamani, akisema mahakama ni ya mpinzani wake. Mwaka 2022 alikwenda, akashindwa tarehe 5 Septemba, akasema hakubaliani na hukumu lakini ataiheshimu. Na aliweza kwenda kwa sababu miaka mitano nyuma, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama hiyohiyo chini ya Jaji Maraga ilikuwa imeubatilisha ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Mtu huenda kwa kadhi akiamini kadhi aweza kumhukumu tajiri.

Kwa hiyo sisi hatumo katika wanaohubiri amani kwa maana ya watu kunyamaza. Tumeziona hotuba za aina hiyo zikitolewa na wale wenye hofu ya kuhesabiwa. Kinachotulinda ni fomu iliyo wazi, tume yenye watu wake kamili, na hakimu asiyeogopa. Na katika hayo, hali yetu si ya kujisifia. Tume ya uchaguzi ilikaa bila mwenyekiti na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Raila mwenyewe alifariki Oktoba 15, 2025. Iwe ulimpenda au hukumpenda, alikuwa mtu ambaye wafuasi wake walimsikiliza alipowaambia ingieni barabarani, na pia alipowaambia rudini nyumbani. Nani atawaambia rudini nyumbani mwaka 2027? Vijana walioandamana Juni 2024 walijigamba kwamba hawana kiongozi.

Ng'ambo nako si kwema. Tarehe 29 Oktoba 2025 Tanzania ilipiga kura, wapinzani wakuu wakiwa wamezuiwa kugombea na Tundu Lissu akiwa kizuizini kwa shitaka la uhaini. Ghasia zikalipuka, watu wakauawa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Rais Samia alitangazwa kwa asilimia 97 na ushei. Mpaka wa Namanga ukachafuka. Siku zile, jamaa wengi wa mwambao wetu walikuwa wakijaribu simu za ndugu zao wa Dar, Tanga na Unguja bila ya kupata jibu, na kila nyumba yenye binti aliyeolewa huko ilikuwa na mama asiyelala. Sudan Kusini nayo ilikwishaahirisha uchaguzi wake kutoka Desemba 2024 hadi Desemba 2026, huku Riek Machar, aliyekuwa makamu wa rais, akizuiliwa tangu Machi 2025. Goma imo mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025. Sudan yawaka tangu Aprili 2023. Nchi hizi zote, zikitaka kuketi na kuzungumza, hutazama huku na huku kutafuta baraza lenye utulivu. Mabaraza yanapungua.

Wa nyumbani

Twageukia sasa akina mama na dada zetu, kwa kuwa jarida hili husomwa kwanza jikoni kabla ya kufika barazani.

Mwaka wa sita wa Hijra, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifunga mkataba wa Hudaybiya na Makureshi. Kwa macho ya masahaba wengi ulikuwa mkataba wa kushindwa: warudi Madina bila ya kuizuru Al-Kaaba mwaka ule, na atakayewakimbilia kutoka Makka warudishwe kwa watesi wake. Nyoyo ziliungua. Alipowaamrisha wachinje wanyama wao na kunyoa, hakuinuka hata mmoja, naye akakariri mara tatu. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, akamweleza. Ummu Salama hakulaumu wala hakulia. Alimshauri atoke, asiseme na yeyote, amchinje mnyama wake mwenyewe na kumwita kinyozi wake. Alipofanya hivyo, watu wote waliinuka. Vita vilivyokuwa ukingoni vilizuiwa, na miaka miwili baadaye Makka ilifunguliwa karibu bila ya damu. Twapenda kuwauliza wanaodai kwamba siasa si mazungumzo ya mwanamke: nani aliyeutuliza umma siku ile?

Kuna mambo ambayo mke au mama huyaona kabla ya polisi. Huyaona kwa sababu ndiye afuaye nguo na kuhesabu pesa za chakula. Kijana anayerudi usiku na kiasi asichoweza kukieleza. Mume anayeambiwa asilete lori wiki ya kura, na hataki kusema nani kamwambia. Jirani mbara ambaye amekwisha kupeleka watoto ushago mwezi wa saba na kuficha sababu. Kuyauliza hayo, kwa sauti ya chini na kwa heshima, si kuingilia. Jirani yule aulizwe pia kama ana mahali pa kuweka vyombo vyake na hati zake. Mwaka 1997 na 2008 kulikuwa na nyumba za Waislamu zilizowahifadhi majirani zao, na wenye nyumba hizo hawakuhitaji fatwa.

Na kuna simu. Sote tumo katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya chuo, ya chama cha kuzikana. Mwaka 2008 chuki ilisafiri kwa ujumbe mfupi na kwa redio za kikabila; sasa husafiri kwa sauti iliyorekodiwa na picha ambayo huenda ilipigwa nchi nyingine miaka kumi iliyopita. Qur'ani, katika Suratul Hujurat, yatuamrisha tuichunguze habari ituletewayo na mtu asiyeaminika kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikumtenga aliye na kitufe cha kusambaza. Mtu atangulie kuuliza: aliyeituma yuko wapi, ameona kwa macho, ni lini? Asipopata jibu, ukimya wake una thawabu kuliko dua ndefu za amani atakazotuma Ijumaa.

Kwa wenzetu wa mimbari tuna neno fupi. Msikiti hukodishwa kwa njia nyingi. Bahasha ni moja, na zulia jipya ni nyingine. Mgombea akija kuswali, apewe nafasi katika safu kama wengine. Akitaka kuhutubia, uwanja wa Alaskan upo.

Tumalizie kwa Wapemba tulioanza nao. Kwa miongo mingi wavuvi hawa wa pwani yetu, hata waliozaliwa hapa na kuzikwa hapa, hawakuwa na kitambulisho cha Kenya. Hawakuweza kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lao, wala kupata leseni ya kuvua bila ya wasiwasi. Mwaka 2023 serikali iliwatambua rasmi kuwa moja ya jamii za Kenya, na vitambulisho vikaanza kutolewa hapa Kilifi. Tarehe 10 Agosti 2027, wengi wao watapiga kura katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kuna bibi katika jamii hiyo, mwenye wajukuu, ambaye ameshatuuliza baada ya darasa la Alkhamisi kama kalamu hutolewa kituoni au aende na yake.